Kwa Nini "Mwizi" Anahitaji Loya: Stori Ndefu, Kutoka Kitanzi cha Mkoloni Hadi Noonkopir

Wasee, hii ya leo ni ndefu kidogo. Shika chai, kaa chini, tuongee.

Wiki chache zilizopita mama mmoja alipita hapa kwetu Noonkopir akiwa na daftari. Unalijua lile daftari la mchango: jina upande huu, pesa upande ule, na mstari wa kalamu katikati. Kijana wake ameshikwa, anatafutiwa loya. Nilitoa soo mbili nikaandika jina langu. Mama akasema, "Mungu akubariki mwanangu," akaenda duka la pili.

Alipoondoka, jamaa mmoja wa boda pale stage akauliza kwa sauti: "Kwani mwizi ni wa kutafutiwa loya? Si aseme tu ukweli?" Watu wakacheka. Kusema kweli, hata mimi nilicheka kidogo. Lakini nilipofika kwa nyumba, hilo swali lilikataa kunitoka.

Sijui kama huyo kijana aliiba. Sikuwa hapo. Ninachojua ni shtaka lenyewe: ati usiku fulani, "akishirikiana na wengine ambao hawako mbele ya mahakama", wakiwa na panga, walimnyang'anya mtu simu na pesa. Hiyo inaitwa wizi wa mabavu, kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu. Na adhabu iliyoandikwa pale ni moja tu. Si miaka kumi, si maisha. Ni kifo.

Kifo, kwa simu.

Kabla useme natetea wezi, wacha niseme hivi: hata mimi nimeporwa. Nilishikwa shingo usiku nikitoka kazini, wakaenda na simu na viatu. Najua ile hasira. Kwa hivyo hii si stori ya kuwaonea wezi huruma. Ni stori ya jinsi nchi yetu, kwa karibu miaka 40, ilimpa wakili mtu aliyeshtakiwa kuua, na ikamnyima aliyeshtakiwa kuiba kwa mabavu, ilhali wote wawili walikuwa wanaangalia kitanzi kimoja. Na madhara yake bado tunayaona.

Kwanza, hili shtaka liko aje?

Watu wengi hudhani wizi wa mabavu ni gengi la bunduki kwenye benki. Hapana. Sheria inataja mambo matatu. Moja, uwe na silaha ya hatari. Mbili, uwe na mwenzako mmoja au zaidi. Tatu, umpige au kumjeruhi mtu wakati wa wizi, ama muda mfupi kabla au baada yake. Mahakama ya Rufaa ilishasema miaka ya tisini kwamba si lazima yote matatu yawepo. Moja tu likithibitishwa pamoja na wizi wenyewe, imeenda.

Hebu fikiria hapo vizuri. Vijana wawili, mikono mitupu, wamemtisha mtu na kumnyang'anya simu. Hakuna panga, hakuna damu. Kwa sababu tu walikuwa wawili, hiyo inaweza kuwa 296(2). Kijana huyo huyo angekuwa peke yake, bila silaha na bila kumpiga mtu, ingekuwa wizi wa kawaida wa kunyang'anya, kifungu cha 296(1), ambao mwisho wake ni miaka 14. Kati ya miaka 14 na kifo kuna mwenzako mmoja tu, ambaye pengine alishatoroka na hata jina lake halijulikani.

Majaji wenyewe wameshaona shida hii. Mwaka 2016 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema vifungu hivi vya wizi havijaandikwa wazi inavyotakiwa na Katiba, mtu hawezi kuelewa vizuri tofauti ya shtaka moja na lingine. Wakatoa miezi 18 virekebishwe. Kifungu bado kiko kitabuni vile kilivyokuwa.

Tulitoka wapi?

Turudi nyuma. Sheria ya kunyonga watu hapa Kenya tuliletewa na Waingereza. Walipotangaza hali ya hatari mwaka 1952, waliongeza makosa ya kunyongwa. Kupatikana na bunduki au hata risasi kukawa kosa la kifo. Mwaka 1953 wakaunda korti maalum za kusikiliza kesi za Mau Mau haraka haraka. Mwanahistoria David Anderson, ambaye alipekua rekodi za kesi hizo, alihesabu watu 1,090 walionyongwa kwa makosa ya Mau Mau.

Sasa sikiliza hii. Hata kwenye korti hizo, washtakiwa walipewa mawakili. Mtu akishtakiwa kosa la kifo na hana pesa, serikali ilimteua wakili na kumlipa pesa kidogo. Dedan Kimathi alipofikishwa kortini Nyeri mwezi Novemba 1956, akiwa na jeraha la risasi, alikuwa na wakili anaitwa Miller. Shtaka lake halikuwa hata la kuua. Lilikuwa la kupatikana na bastola na risasi. Alihukumiwa, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Usinielewe vibaya. Wakili hakufanya hiyo korti kuwa ya haki. Mkoloni alikuwa ashaamua. Lakini hata mkoloni alijua kwamba kumnyonga mtu ambaye hajasemewa na mtu yeyote kunaonekana vibaya. Shika hiyo.

Uhuru ukaja 1963. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, watu wa Nairobi wakilia na majambazi, Bunge likaamua: wizi wa mabavu, adhabu ni kifo, na hakimu hana nafasi ya kuchagua adhabu nyingine. Akikupata na hatia, anasoma kifo. Kwisha.

Shida ilikuwa mahali. Kesi ya mauaji inasikilizwa Mahakama Kuu, mbele ya jaji. Na pale Mahakama Kuu ile desturi ya kale ya kumpa maskini wakili ilibaki. Lakini kesi ya wizi wa mabavu inasikilizwa chini, kwa hakimu. Na kwa hakimu hakukuwa na desturi kama hiyo. Katiba ya zamani ilisema unaweza kuwa na wakili, lakini ikasema pia kwa maneno wazi kwamba huna haki ya wakili wa kulipwa na serikali. Una pesa? Leta loya. Huna? Jitetee.

Kwa hivyo hesabu ilikuwa hivi. Ukishtakiwa umeua mtu: jaji, wakili wa bure. Ukishtakiwa umeiba saa ya mtu mkiwa wawili: hakimu, huna wakili, na mbele yako kuna askari anayeongoza mashtaka. Wote wawili mkipatikana na hatia, ni kifo. Dhamana nayo pia hakukuwa. Ukishikwa kwa hilo shtaka unangoja ukiwa ndani, hata kama ni miaka mitatu.

Mkoloni alimpa Kimathi wakili. Kenya huru, mwaka 1985, haikumpa wakili kijana wa mtaani aliyeshtakiwa kuiba redio. Mimi hii ndiyo ilinishtua kuliko yote.

"Sina swali"

Sasa turudi kwa yule jamaa wa boda. Si aseme tu ukweli?

Shida ni kwamba korti haikuulizi ukweli tu. Korti inaenda kwa hatua. Shahidi anasimama, anasema, "Huyu ndiye aliniibia, nilimwona vizuri." Hakimu anakugeukia: "Mshtakiwa, una swali kwa shahidi?" Wewe uko pale, umetoka rimandi asubuhi kwa lori, hujalala, unaogopa. Unasema, "Sina swali." Ama unaanza kubishana: "Wewe unadanganya!" Hilo si swali. Hakimu anaandika, shahidi anashuka, na hiyo nafasi haitarudi tena.

Loya angeuliza nini? Angeuliza mambo ambayo mahakama zetu zenyewe zimeyasema tangu zamani. Mwaka 1953, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilionya kwamba ushahidi wa mtu mmoja aliyemtambua mwingine katika hali ngumu lazima upimwe kwa makini sana. Mwaka 1967 ikarudia. Mwaka 1986 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ikaeleza zaidi: kama ilikuwa usiku, uliza kulikuwa na mwanga gani. Ulikuwa na nguvu kiasi gani? Ulikuwa upande gani wa yule mtu? Shahidi alimwangalia kwa muda gani kabla ya kuripoti?

Weka hayo maswali hapa kwetu. Mtu ameporwa saa tano usiku kwa kichochoro. Anasema alimwona mwizi kwa taa ya mulika mwizi. Sawa. Hiyo taa iko umbali gani? Ilikuwa mbele ya mwizi ama nyuma yake? Kama ilikuwa nyuma yake, si uliona kivuli tu? Siku hiyo stima ilikuwa? Alipokushika shingo kutoka nyuma, uso wake uliuona saa ngapi? Ulipoenda kuripoti, ulisema mwizi ni mrefu ama mfupi, amevaa nini? Na hayo maneno yako kwenye kitabu cha OB ama yamekuja baadaye?

Haya si maswali ya kuficha mwizi. Mwizi wa kweli hayo maswali hayamwokoi, kwa sababu majibu yatakuwepo. Yanamwokoa yule aliyeshikwa kwa sababu alikuwa amevaa jaketi nyeusi na amepita hapo.

Kuna gwaride pia. Sheria ya gwaride la utambulisho iko tangu kesi ya mwaka 1936. Mshukiwa anawekwa na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, urefu na hali. Anachagua mwenyewe asimame wapi. Ana haki ya kuwa na wakili au rafiki hapo. Na shahidi hafai kuwa amemwona kabla. Kama mlalamishi alimkuta kijana amefungwa pingu pale ripoti ofisi, halafu kesho yake "akamtambua" kwa gwaride, hilo gwaride lina thamani gani? Lakini nani atamwambia hakimu, kama mshtakiwa hajui gwaride lina sheria?

Halafu kuna kile kitu cha kupatikana na mali ya wizi. Umenunua simu ya mtumba bila risiti, kumbe iliporwa wiki iliyopita. Korti inaweza kusema wewe ndiye mwizi. Lakini upande wa mashtaka lazima uonyeshe kwamba simu ilipatikana kwako kweli, kwamba ni ya mlalamishi, kwamba iliibwa kwake, na kwamba ni juzi juzi tu. Na wewe unafaa kueleza uliipata aje. Wasee wengi hapa hununua simu hivyo. Hiyo tu ni sababu tosha ya kutocheka.

Na kama unasema ulikuwa kwingine siku hiyo, si wewe unafaa kuthibitisha. Mzigo unabaki kwa upande wa mashtaka. Lakini lazima uiseme mapema, ili wachunguze. Ukiisema mara ya kwanza baada ya miaka miwili wakati wa kujitetea, hakimu ataona umeitunga jana. Mtu asiye na wakili anajuaje hayo?

Wakili alikuja, lakini kumeshakucha

Katika ile mfumo ya zamani kulikuwa na jambo lingine la ajabu. Ukihukumiwa kifo na hakimu, unakata rufaa Mahakama Kuu. Ukishindwa, unaenda Mahakama ya Rufaa. Pale juu ndipo wengi walipata wakili wa kuteuliwa kwa mara ya kwanza. Lakini rufaa ya pili inaangalia mambo ya sheria tu. Maswali ya taa, ya umbali, ya jaketi, yalipaswa kuulizwa miaka sita nyuma. Shahidi alishaenda kwao.

Hata hivyo, mawakili walipofika walipata mambo. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kesi iliyoongozwa na askari wa cheo cha chini kuliko kile sheria ilitaka ni bure, na wafungwa kadhaa wakanufaika. Baadaye ikamwachilia mtu aliyehukumiwa kifo kwa wizi wa mabavu kwa sababu polisi walikuwa wamemzuilia miezi minane kabla ya kumpeleka kortini, ilhali sheria ya wakati huo ilisema siku 14. Watu walikasirika: ati mwizi ameponea kwa hesabu ya siku! Lakini jiulize, miezi minane mtu yuko seli bila hakimu kujua, angefanyiwa nini? Mwaka huo wa 2003 ndio Bunge lilibadilisha Sheria ya Ushahidi kuhusu mtu kukiri makosa kwa polisi. Leo, ukikiri nje ya korti, haihesabiki isipokuwa mbele ya afisa wa cheo cha juu ambaye si yeye anachunguza kesi yako, na mtu uliyemchagua awepo. Sheria kama hiyo haiji tu. Inakuja kwa sababu watu walipigwa wakasema kila kitu.

Wakati huo wote, magereza yalikuwa yanajaa. Watu wa mwisho kunyongwa Kenya walinyongwa 1987, wakina Hezekiah Ochuka wa jaribio la mapinduzi la 1982. Lakini hukumu za kifo ziliendelea kusomwa kila mwaka. Mwaka 2009 Rais Kibaki alibadilisha hukumu za zaidi ya wafungwa 4,000 kuwa kifungo cha maisha. Miaka saba tu baadaye, mwaka 2016, Rais Uhuru akabadilisha nyingine 2,747. Yaani foleni ilikuwa imejaa tena.

Na wafungwa nao hawakukaa tu. Kamiti kuna watu walisomea shahada ya sheria ya University of London wakiwa ndani ya jela, wakaanza kuwaandikia wenzao rufaa. Mtu anafundishwa sheria akiwa amevaa nguo ya jela, ili afanye kazi ambayo ilifaa kufanywa siku ya kwanza.

Barabara ya Namanga

Hapa Kitengela tuko kwenye barabara ya Namanga. Ukipanda gari hapo stage, unapita Isinya, Kajiado, Bissil, unafika mpakani. Vuka uingie Tanzania. Kosa hili hili, wanaliita unyang'anyi wa kutumia silaha, adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30. Ni kali, ndiyo, lakini si kifo. Sasa enda upande wa pili, Busia, uvuke uingie Uganda. Kule bado kuna adhabu ya kifo kwa kosa hili, lakini kesi inasikilizwa Mahakama Kuu, na Katiba yao ya 1995 inasema wazi: ukishtakiwa kosa la kifo au kifungo cha maisha, serikali inakulipia wakili. Na tangu 2009, Mahakama yao ya Juu iliondoa ile lazima ya kusoma kifo.

Sisi tulioko katikati tulichagua vyote vibaya kwa pamoja: kifo cha lazima, na hakuna wakili. Hatukurithi hilo kutoka kwa mkoloni. Tuliliandika wenyewe.

Katiba mpya, na yale bado

Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo. Kifungu cha 49 kinasema ukishikwa una haki ya kunyamaza, ya kuongea na wakili, ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24, na ya kupewa dhamana isipokuwa kuwe na sababu nzito. Hata kwa wizi wa mabavu. Kifungu cha 50(2)(h) kinasema serikali itakupa wakili kama bila yeye kutatokea dhuluma kubwa, na lazima uambiwe mapema kwamba haki hiyo iko.

Mwaka 2011, katika rufaa ya wizi wa mabavu, Mahakama ya Rufaa ilisema mtu anayekabiliwa na kosa la kifo anastahili wakili wa serikali. Mwaka 2016 ikaja Sheria ya Msaada wa Kisheria, ikaunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikafafanua mambo ya kuangalia: uzito wa kosa, ukali wa adhabu, kama mshtakiwa ana uwezo wa kulipa, kama anajua kusoma na kuandika, kama shtaka ni gumu kueleweka. Ukiweka kesi ya kijana maskini wa 296(2) kwenye hiyo orodha, karibu kila kitu kinapiga tiki.

Lakini ile tofauti ya zamani ina mizizi. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliondoa lazima ya kifo kwa mauaji. Wafungwa wa wizi wa mabavu wakashangilia, wakaanza kurudi kortini kuomba hukumu mpya, na wengine wakafanikiwa. Halafu tarehe 6 Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ikasema: hapana, tulizungumzia mauaji peke yake. Kwa hivyo leo jaji anaweza kumpa aliyeua miaka 20 akiangalia hali yake. Hakimu wa wizi wa mabavu, kwa kitabu, bado mikono yake imefungwa. Miaka hamsini imepita na bado mwizi anahesabiwa vibaya kuliko muuaji.

Mwezi mmoja baadaye

Mwezi uliofuata, Agosti 2021, vijana wanne waliuawa na umati huku huku Kitengela. Walishukiwa kuwa wezi wa ng'ombe. Familia zao zilisema walikuwa wametoka tu kutembea na pikipiki. Hakukuwa na gwaride. Hakuna aliyeuliza kulikuwa na mwanga gani. Hakuna aliyesema, "Una swali?"

Mimi naona hivi vitu viwili ni kitu kimoja. Ile kicheko ya stage, "mwizi ni wa loya?", ni mtoto wa yule umati. Ukishaita mtu mwizi kabla ya swali la kwanza, umeshamaliza kesi. Iliyobaki ni kama utatumia jiwe ama kalamu.

Na kwa wale mlioibiwa, wenzangu: akifungwa asiyefaa, aliyekuibia yuko nje. Anakupita hapo kwa duka la M-Pesa. Loya mzuri ni wa faida yako pia, kwa sababu kesi ikijaribiwa vizuri na ikasimama, hakuna rufaa itaiangusha miaka kumi baadaye.

Ufanye nini, sasa?

Mimi si wakili. Lakini haya yameandikwa, na kila msee anafaa kuyajua kabla hayajamfika yeye ama ndugu yake.

Ukishikwa, uliza unashikwa kwa nini. Taja jina lako, halafu una haki ya kunyamaza kuhusu mengine. Usitie sahihi karatasi ambayo hujasoma au hujasomewa kwa lugha unayoelewa. Omba kuongea na mtu wa nyumbani na wakili.

Wewe wa nyumbani, andika saa aliyoshikwa. Saa 24 zinahesabiwa. Tafuta watu waliokuwa naye siku hiyo sasa hivi, si baada ya mwaka.

Siku ya kwanza kortini, kama hakuna loya, sema haya, hata kwa Kiswahili cha mtaani: "Mheshimiwa, sina pesa ya wakili, naomba wakili wa serikali chini ya kifungu cha 50(2)(h), na naomba iandikwe kwenye rekodi." Hayo maneno ya mwisho usiyasahau. Kisichoandikwa hakitasomwa kwenye rufaa. Chini ya sheria ya 2016, hakimu anapaswa kukueleza haki hiyo hata kabla hujauliza.

Kisha: "Naomba nakala za taarifa za mashahidi kabla kesi ianze." Hiyo pia ni haki yako. Zisome. Angalia kama shahidi alisema kwa polisi yale yale anayosema kortini.

Kama wakili hajapatikana bado, familia inaweza kwenda kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, ama Kituo Cha Sheria, shirika ambalo limesaidia maskini na kesi tangu 1973. Hawana mawakili wa kutosha kila kona, tusidanganyane. Ndiyo maana lazima uombe mapema na uombe tena.

Na kila hakimu akiuliza, "Una swali kwa shahidi?", usiseme huna. Uliza ya taa. Uliza ya umbali. Uliza alisema nini siku ya kwanza.

Yule mama nilikutana naye tena Jumatatu asubuhi akingoja gari la Kajiado, kama kilomita 50 hivi, kwa ajili ya kutajwa kwa kesi. Daftari alikuwa nalo kwa mkoba. Pesa haijafika. Nilimwandikia yale maneno ya 50(2)(h) kwa ukurasa wa nyuma, na namba ya kifungu nikaipigia mstari. Akayasoma polepole, mara mbili, midomo ikisonga.

"Na hakimu hatakasirika mwanangu?"

Nikamwambia hapana mama. Hiyo ni sheria.

Gari likaja, akapanda.